Nani Alikuwepo? Mapenzi, Shamba na Nafasi ya Pili katika Nyota ya Rehema

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa fasihi alitupa kazi ya kuchagua riwaya moja ya Kiswahili ambamo mtu aliyeumizwa anapona kwa kupendwa na kupata nafasi ya pili ya kuishi, kisha tueleze mbele ya wenzetu kwa nini inapendeza. Wengi wetu tulikuwa na picha ya hadithi hiyo vichwani. Msichana aliyevunjika moyo anarudi katika mji mdogo wa kwao. Anakutana na kijana mpole mwenye kazi ya mikono. Majirani wanamzoea, jeraha linafunga, na kitabu kinaishia kwenye harusi. Mimi nilichagua Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1976. Nilipomaliza kueleza hatima yake, mwenzangu mmoja aliyeketi nyuma alisema, "Hiyo si hadithi ya mapenzi. Hiyo ni kesi ya shamba." Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Lakini maneno yake yalinikaa. Mimi ni mtu wa Aroi, karibu na Arua, na kwetu sijawahi kuona ndoa iliyodumu bila mtu kuuliza imekaa kwenye ardhi ya nani.

Katika makala haya nataka kumjibu mwenzangu yule. Nitatetea mambo mawili. Kwanza, sehemu ya riwaya inayowahusu Rehema na Sulubu ni miongoni mwa maelezo mazuri tuliyo nayo katika Kiswahili ya mtu kupona kwa kupendwa, na anayetafuta hadithi ya kutuliza moyo ataipata humo. Pili, mwisho mchungu wa riwaya haufuti uzuri huo. Unatuonyesha kitu ambacho hadithi nyingi za aina hii huruka: kwamba nafasi ya pili si jambo la watu wawili peke yao. Lazima awepo mtu wa tatu aliyeona ikitolewa.

Kwa ambao hawajaisoma, nieleze kwa ufupi. Mandhari ni Zanzibar kabla ya mapinduzi ya mwaka 1964. Rehema ni binti wa Fuad, mwenye mashamba, na mkewe Aziza. Anazaliwa na ngozi nyeusi kuliko alivyotarajia baba, na Fuad anaingiwa na shaka juu ya mkewe. Tangu hapo mtoto anabeba adhabu ya kosa ambalo halikutendwa. Mama anafariki, baba anaoa mke mwingine, Adila, na Rehema anakua akidharauliwa. Mwishowe anatoroka. Katika safari ya kutoroka anakutana na Sulubu, mtu maskini asiye na kitu ila nguvu zake, kisha wanapotezana. Mjini maisha yanamsukuma Rehema hadi kuuza mwili wake. Wanapokutana tena, Sulubu anamchukua kama alivyo, nao wanakuwa mume na mke. Kabla ya kufa, Fuad analainika na kumpa binti yake shamba. Wawili hao wanalilima na kuliishi. Fuad akishafariki, Karim, mkwe wa nyumba ile na mtu aliyesoma, anawajia na sheria na kuwataka waondoke. Sulubu anashindwa kuvumilia, anainua mkono dhidi ya Karim, na mwisho sheria inamshika yeye.

Nianze na lile linalopendeza. Katika hadithi za namna hii, kwa kawaida mpenzi anayefaa huanza kwa kuuliza maswali. Ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Ni baada ya majibu kumridhisha ndipo anapofungua mlango. Sulubu hafanyi hivyo. Yeye hamtaki Rehema asafishe jina lake kwanza ndipo apendwe. Hapa ni vizuri kumkumbuka Rosa katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa naye ameumizwa na baba, naye amepotea njia mbali na nyumbani, kisha anarudi akitaka kuanza upya. Anampata Charles, na kwa muda mfupi msomaji anaamini kwamba Ukerewe itampa nafasi ya pili. Charles anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Wasichana hawa wawili wana majeraha yanayokaribiana sana. Tofauti kubwa iko kwa mwanamume aliyesimama mlangoni. Charles aliuliza kuhusu jana. Sulubu aliuliza kuhusu kesho.

Jambo la pili linalopendeza ni namna mapenzi yao yanavyoonekana. Ukitafuta maneno matamu ya wapenzi utaona ni machache. Badala yake kuna kazi. Shamba linahitaji jembe, na wote wawili wanalishika. Jina Sulubu lenyewe lina maana ya nguvu na kazi ngumu, na sidhani kama mwandishi aliliweka kwa bahati. Rehema, ambaye tangu kuzaliwa ameambiwa kwamba uwepo wake ni aibu, anaona kwa mara ya kwanza kitu kikikua kwa sababu yeye yupo. Hiyo ndiyo tiba yake. Hajaambiwa kwamba yeye ni mzuri. Amepewa mahali ambapo akiamka asubuhi kuna kitu kinamngoja.

Shaaban Robert alikuwa amekwisha kutuandikia habari ya shamba linaloponya. Katika Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962, Utubora anaacha kazi ya mshahara mzuri na kwenda kulima Busutamu. Lakini Utubora anachagua. Ana kitu cha kuacha, na akishakiacha watu wanamheshimu zaidi. Rehema hana cha kuacha. Kwa hiyo Mohamed Suleiman anauliza swali gumu kuliko la Shaaban Robert. Shamba linaweza kumponya mtu aliyekwenda huko kwa hiari yake, sawa. Je, linaweza kumponya mtu ambaye hana mahali pengine?

Hapa ndipo nilipokuwa nimekwama nilipokwenda nyumbani likizo. Jioni moja nilimsimulia nyanya yangu riwaya hii kuanzia mwanzo, tukichambua majani ya kunde. Nyanya anajua Kiswahili. Babu yangu, kama vijana wengi wa Kilugbara wa wakati wake, aliteremka kusini kukata miwa Lugazi, na nyanya alimfuata. Katika mashamba yale ya miwa walichanganyika watu wa kila kabila, na lugha ya kuombana chumvi ilikuwa Kiswahili. Alinisikiliza bila kunikatiza. Aliguna kwa Fuad. Alisikitika kwa Aziza. Alimsifu Sulubu. Nilipofika mahali Fuad anapompa Rehema shamba, aliacha kuchambua, akaniuliza, "Nani alikuwepo?"

Sikumwelewa. Nikarudia kwamba baba alimpa binti yake shamba.

"Nimesikia, mjukuu wangu. Nauliza nani alikuwepo akimpa?"

Nikamwambia kwamba lilikuwa jambo la baba na mtoto wake. Nyanya akarudi kwenye majani yake. "Basi hakumpa," akasema. "Watamfukuza."

Nilikuwa bado sijamsimulia habari za Karim.

Nimesoma tahakiki kadhaa za riwaya hii katika masomo yetu. Nyingi hueleza matabaka, dhuluma ya wenye mali na ubaguzi wa rangi, na zote ni sahihi. Lakini swali la nyanya lilinifundisha namna ya kuusoma msuko wenyewe. Tukiisoma tena sehemu ile kwa swali lake, tunaona kwamba zawadi ya Fuad ina kasoro tangu mwanzo. Inatoka moyoni, lakini inabaki moyoni. Fuad alimdhulumu Rehema mbele ya watu wote. Kila mtu wa nyumba ile alijua kwamba mtoto huyu hatakiwi. Alipotaka kutengeneza, alitengeneza kwa namna isiyomfunga mtu mwingine yeyote. Adila hafungwi. Karim hafungwi. Mzee akifa, anakufa na ahadi yake. Jeraha lilikuwa la hadharani na dawa ikawa ya faraghani, na nadhani hilo ndilo kosa ambalo mwandishi anataka tulione.

Hata jina la mhusika mkuu linatuelekeza huko. Rehema ni huruma, jambo analopewa mtu na aliye juu yake bila kulidai. Shamba alilopewa na baba yake lilikuwa rehema, na ndiyo sababu liliweza kuchukuliwa. Kama lingekuwa haki yake, iliyotamkwa na kuthibitishwa, Karim angehitaji zaidi ya ujuzi wake wa sheria ili kuwaondoa. Na nyota, kama tujuavyo, kwa Waswahili ni bahati ya mtu. Kuna uchungu katika kichwa hiki cha riwaya: maisha ya binti huyu yameachwa kwenye bahati na huruma, vitu viwili visivyoandikwa popote.

Sasa niwaeleze kwa nini nyanya yangu aliuliza swali lile, maana halikutoka kitabuni.

Mwezi Oktoba mwaka 1980, vita vilivyofuata kuanguka kwa Idi Amin vilifika kwetu, na watu wengi wa Arua na Koboko wakakimbilia Zaire na Sudan. Nyanya na babu walivuka mpaka wakiwa na watoto wawili. Babu alifia huko. Mwaka 1986 nyanya alirudi, lakini hakurudi kwa wakwe zake, maana huko hakuna aliyebaki wa kumpokea. Alirudi kwao Aroi, mwanamke aliyekwisha kuolewa, na kwa desturi zetu binti aliyeolewa hana sehemu katika ardhi ya baba yake. Baba yake mdogo alimpa kipande cha kulima. Siku ya kumpa aliwaita wazee wa ukoo na majirani wa pande zote. Walitembea kwa miguu kuuzunguka mpaka, watoto wakifuata nyuma kwa makusudi ili nao waone. Walipanda miti penye pembe. Kisha walichinja mbuzi na kula pamoja, kila mtu aliyekula akawa shahidi.

Miaka michache baadaye akaja mtu wa Koboko, Mkakwa, mgane, fundi wa baiskeli. Zamani alikuwa fundi wa magari jeshini. Nyanya anasema kwamba mwanzoni alimwogopa kwa sababu alisema Kiswahili, na kwetu wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayegonga mlango usiku. Lakini yeye hakujua Kilugbara vizuri, na nyanya hakujua Kikakwa. Lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili ilikuwa hiyo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha nyanya kilikuwa cha mashamba ya miwa. Wakazungumza hivyo hivyo. Alihamia kwa nyanya na sanduku lake la spana. Watu walimcheka, kwa sababu mwanamume anayehamia kwenye ardhi ya mkewe huchekwa. Alikaa miaka zaidi ya ishirini, akitengeneza baiskeli chini ya mwembe, na hapo ndipo alipozikwa. Mimi nilimwita babu, na sikujua mpaka nilipokuwa mkubwa kwamba hakuwa baba wa mama yangu.

Nilipoisoma Nyota ya Rehema mara ya pili, nilimwona Sulubu akiwa na sanduku la spana. Wote wawili ni wanaume wanaoishi kwenye ardhi iliyokuja kwa upande wa mke. Wote wawili wanadharauliwa kwa hilo. Tofauti ni kwamba baba mdogo wa nyanya alipofariki, na wanawe walipomleta mnunuzi wa viwanja kwa sababu mji ulikuwa unatanuka kuelekea kwetu, wazee waliitwa. Waliokuwa hai walikuwa wachache, lakini walikuwepo pia wale waliokuwa watoto siku ile, sasa watu wazima. Walikwenda moja kwa moja kwenye miti. Mti mmoja ulikuwa umekatwa, na walionyesha kisiki chake. Mnunuzi akaondoka. Hakuna aliyeinua mkono.

Siandiki haya ili kusema kwamba desturi zetu ni bora kuliko sheria aliyokuja nayo Karim. Desturi hizo hizo ndizo zinazomnyima binti ardhi ya baba yake, na kama baba mdogo yule angekuwa mtu mgumu, nyanya asingekuwa na pa kwenda. Ninachosema ni kwamba riwaya inatuambia kitu cha kweli kuhusu kupona. Mtu anaweza kupona rohoni na bado asiwe salama. Rehema amepona. Amempata mtu wa kumpenda, amefanya kazi, ameacha maisha ya mjini. Hakuna kitu kilichobaki ndani yake kinachohitaji kutengenezwa. Kilichobaki kimevunjika ni cha nje, nacho ndicho kinachomwangusha.

Watu wa mbali pia wamelijua jambo hili. Jane Austen, Mwingereza, aliandika riwaya ya Persuasion, iliyotoka baada ya yeye kufariki mwaka 1817, na wengi huitaja kuwa mfano mzuri wa hadithi ya nafasi ya pili katika mapenzi. Anne Elliot alishawishiwa kumkataa Wentworth akiwa kijana asiye na kitu. Miaka inapita, wanakutana tena, wanaoana, na msomaji anafurahi. Lakini tusisahau kwamba Wentworth aliporudi alikuwa kapteni mwenye paundi 25,000 alizozipata vitani baharini. Nafasi yao ya pili ilikuwa na sakafu. Austen alijua hivyo, na hakuificha hesabu hiyo. Mohamed Suleiman anatuandikia wapenzi walewale wavumilivu, waliopotezana na kukutana tena, lakini hawana paundi hata moja. Kisha anatuuliza itakuwaje.

Pamoja na sifa hizi zote, riwaya ina udhaifu mmoja ambao siwezi kuupita. Jina lake ni la Rehema, na kwa sehemu kubwa tunamfuata yeye. Lakini mambo yanapofika kwenye shamba, hatima inaamuliwa na wanaume wawili, Sulubu na Karim, mmoja kwa mkono na mwingine kwa sheria. Shamba ni la Rehema. Baba ni wa Rehema. Dhuluma ilianza siku aliyozaliwa Rehema. Ningependa jibu la mwisho litoke kwake. Inaonekana kama mwandishi, baada ya kumtoa Rehema chini ya mkono wa baba, hakujua la kufanya naye akishakuwa mke. Anaweza kutetewa kwa kusema kwamba wakati ule mwanamke maskini asingesikilizwa na mtu kama Karim. Ni kweli. Lakini kutosikilizwa si sawa na kutosema, na riwaya ingeweza kutuonyesha akisema.

Udhaifu wa pili ni mdogo zaidi: riwaya haina kijiji. Namaanisha kwamba Rehema na Sulubu wanaishi kama watu wawili kisiwani, na majirani hawana uzito mkubwa katika hatima yao. Katika hadithi za mji mdogo zinazopendwa na wenzangu, majirani ndio nusu ya tiba. Kuna mama muuza chai anayejua kila jambo, kuna mzee anayetoa ushauri bila kuombwa. Mara nyingi wahakiki huwadharau wahusika hao na kuwaona kama pambo. Baada ya swali la nyanya, mimi siwezi tena kuwadharau. Mama muuza chai ni shahidi. Siku Karim atakapokuja, yeye ndiye atakayesema, "Nilikuwepo." Kwa hiyo nadhani hadithi zile nyepesi zina hekima ambayo Nyota ya Rehema inaikosa, na Nyota ya Rehema ina ukweli ambao hadithi zile zinauogopa. Natamani mtu aandike riwaya ya Kiswahili yenye vyote viwili, na natamani mandhari yake yawe Koboko siku ya soko, au pembezoni mwa Arua ambako viwanja vinapimwa kila wiki tangu mji upewe hadhi ya jiji mwaka 2020.

Sababu ya kutamani hivyo si mapenzi ya nyumbani tu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi tunaosomea ualimu wa lugha hii tutapelekwa kuifundisha. Tutaingia madarasa ambayo wazazi wa wanafunzi bado wanakumbuka Kiswahili cha vizuizi vya barabarani na cha amri. Hatuwezi kuwashinda kwa kuwaambia kwamba ni lugha ya Afrika Mashariki na ya biashara. Hilo wanalijua, nao wengi hununua na kuuza kwa Kiswahili na Wakongo kila wiki. Kinachohitajika ni wakisikie kikisema mambo mengine: kikisamehe, kikibembeleza, kikimwita mtu jina lake kwa upole. Nyota ya Rehema inaweza kuifanya kazi hiyo, na ndiyo maana ningeipeleka darasani hata pamoja na mwisho wake. Labda hasa kwa sababu ya mwisho wake. Katika wilaya zetu kuna watoto waliokuja kutoka Sudan Kusini, wanaoishi Rhino Camp au Bidibidi kwenye viwanja walivyopewa vya kutumia na si vya kumiliki. Mwenzangu mmoja wa darasani ni wa huko. Aliniambia kwamba hakusikitishwa na kufukuzwa kwa Rehema kama darasa zima lilivyosikitika. Yeye alisikitika mapema zaidi, pale walipoanza kupanda. "Nilijua," alisema. "Mama yangu hupanda bamia hivyo hivyo."

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu aliyeketi nyuma ni hili. Ni kweli, ni kesi ya shamba. Lakini usiitoe kwenye orodha ya hadithi za mapenzi kwa sababu hiyo. Fuad alimpenda binti yake mwishoni, naamini hivyo. Sulubu alimpenda tangu mwanzo. Mmoja hakuita mashahidi, mwingine hakuwa na wa kuwaita. Tukiwafundisha wasomaji wetu kuuliza nani alikuwepo, hatuwaharibii ladha ya mapenzi. Tunawapa kitu cha kuyalinda.

Nyumbani kazi haijaisha. Wazee waliokula mbuzi wa mwaka 1986 wamebaki wawili, na nyanya anajua kwamba miti haitoshi tena. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamruhusu mtu mwenye ardhi ya kimila kuomba cheti cha umiliki. Bado hatujakipata. Likizo ile alinipa daftari na kuniambia niandike majina ya wote waliokuwepo, walio hai na waliokufa, na watoto waliofuata nyuma, kila mmoja na mahali alipo sasa. Tulifika majina kumi na saba. Alipomaliza kuyataja aliniuliza kama kitabu kile nimekuja nacho. Nikamwambia nimekiacha chuoni. Akasema nikija tena nikilete nimsomee mwenyewe, asisimuliwe, na nianzie pale Sulubu anapompata Rehema mara ya pili.